Ziwa Alilolitia Rangi Mama

Jirani yangu hapa Lindi mjini ameanza kusuka mikeka. Ni mwanamke mwema, hana kelele, na ukiishiwa kitunguu mlango wake ndio wa kwanza kubisha. Lakini wiki iliyopita aliinjika debe uani, akatumbukiza chane, yaani majani ya mkindu yaliyochanwa, kwenye maji ya rangi yanayochemka, na ile harufu ikapanda ukutani ikaingia jikoni kwangu. Nilikuwa nakuna nazi. Niliiacha mbuzi pale pale, nikaenda kufunga dirisha kwa nguvu mpaka kioo kikalia. Binti yangu akaniuliza, "Mama, kwani kunanuka?" Nikamwambia hakunuki. Na kweli, majani ya mkindu yakichemka hayanuki. Yana utamu kidogo kama mahindi mabichi, kisha ukali wa rangi ya unga unakuja nyuma yake. Nilifunga dirisha kwa sababu mtu mzima mimi, mama wa watoto, nilikuwa nimesimama jikoni kwangu ninalia.

Nyinyi wa rika langu mliokulia pwani hii, miaka ile Ramadhani ilipokuwa ikiangukia masika, mtanielewa bila maelezo mengi. Kijiji chetu kiko kati ya Kilwa Masoko na Lindi, nyuma ya fungu refu la mchanga. Baina ya nyumba na mchanga huo kuna maji mapana yaliyotulia, na sisi tuliyaita ziwa. Bahari iliingia humo kwenye bamvua kubwa tu, maji yakijaa kupita kawaida, kupitia mlango mwembamba, na upande wa bara kijito kilishusha maji ya mvua kutoka vilimani. Kwa hiyo hayakuwa maji matamu wala hayakuwa maji ya bahari. Ukiyaonja yalikuwa kama mchuzi wa mtu aliyekatazwa chumvi na daktari. Baba alifanya kazi kwenye majaruba ya chumvi ng'ambo ya ziwa, na kila jioni alirudi na miguu myeupe mpaka magotini. Bibi, yaani mama yake Baba, alikaa nasi na kumwamrisha kila mtu. Mama alisuka mikeka.

Mama hakuzaliwa pwani. Aliolewa kutoka Rondo, kwenye baridi na ukungu, na Bibi alipenda kumtania kwamba siku ya kwanza alipoiona bahari aliuliza ni nani aliyeifungulia. Kusuka alifundishwa na Bibi huyo huyo, lakini kwenye rangi akampita mwalimu wake, na Bibi alikiri mbele ya watu, jambo ambalo kwa mama mkwe si dogo. Mama alinunua rangi ya unga Masoko, vikaratasi vilivyokunjwa kama dawa ya kichwa, akaichemsha kwenye debe kuukuu pamoja na konzi ya chumvi ya Baba. Chumvi ndiyo inayoifanya rangi ishike, aliniambia. Mnunuzi akija hakumpotezea muda kwa maneno. Alilowesha kitambaa cheupe akampa mkononi. "Sugua, dada. Rangi yangu haitoki. Ikitoka, chukua bure." Wakasugua weee, kitambaa kikabaki cheupe, na Mama akageuza uso pembeni ili wasimwone anavyotabasamu.

Alikuwa na rangi zake kwa majira. Masika, Ramadhani ikikaribia, watu walitaka misala ya kuswalia, na msala kwetu ulikuwa wa kijani. Kiangazi, korosho zikishauzwa na harusi zikianza kufuatana, walitaka mikeka ya damu ya mzee. Rangi iliyobaki aliimwaga kwenye mfereji nyuma ya nyumba, na mfereji ule uliteremka mpaka ziwani.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Kila masika, mvua zikipumzika kidogo na jua likitoka, ziwa nalo liligeuka kijani. Si kijani cha kivuli cha mikoko. Maji yenyewe yalikuwa kijani, mazito, na wanawake waliingia humo na vitambaa vyao kutanda uduvi, maana uduvi hufuata maji ya namna hiyo. Kipupwe kikifika kile kijani kilichujuka, kikawa kama chai ya rangi iliyolala. Na kiangazi kilipokaza, kijito kikishakauka na mchanga ukishaziba mlango wa bahari, maji yalipungua yakawa makali kwa chumvi, na ziwa zima likageuka damu ya mzee. Povu lilijikusanya ukingoni. Bibi alipita hapo na pua yake ameishika akisema la kuvunda halina ubani. Watu wengine waliona majira yanabadilika. Mimi niliona debe la Mama.

Nilimwuliza mara moja tu. Tulikuwa nyuma ya nyumba, debe limeinamishwa, maji ya kijani yanakimbia mferejini. "Mama, ni wewe unayelitia ziwa rangi?" Alinitazama, akalitazama ziwa, akacheka mpaka akakaa chini. "Eeh, ni mimi. Lakini usimwambie mtu, Somoe. Wakijua wataniletea na bahari." Nikaapa. Nilikwenda shuleni na siri yangu, nikawa nawaonea huruma watoto ambao mama zao walikuwa wakipika maandazi tu. Nilijua hata jinsi jambo lile lilivyowezekana. Rangi inataka chumvi ili ishike, na ziwa lilikuwa na chumvi yake tayari.

Kiangazi kimoja, wakati wa korosho, Mama alianza kuvimba miguu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na yeye aliyaficha chini ya khanga ndefu kwa muda mrefu. Mimi niliona tu kwamba anakaa chini mara nyingi kuliko kawaida, ukili, ule utepe wa mkeka anaousuka, uko mapajani na mikono imesimama. Asubuhi moja Baba hakwenda kwenye chumvi. Alikuwa amevaa shati lake la Idi. Mama alikaa barazani amejitanda khanga, pumzi zake zinasikika, na kando yake palikuwa na furushi la chane nyeupe alizozianika kwa ajili ya misala. Alizifunga vizuri akanipa.

"Zitundike juu ya jiko, moshi uzifukuzie wadudu. Mimi naenda hospitali Lindi. Nikirudi tutazitia kijani."

"Lini?"

"Nikirudi, mwanangu."

Wakatembea kwenda barabarani kusubiri basi, Mama ameegemea bega la Baba, jambo ambalo sikuwahi kuliona wakilifanya mbele za watu. Niligeuka nikalitazama ziwa. Lilikuwa damu ya mzee kutoka ukingo mpaka ukingo, nikaona ni sawa, maana kijani bado.

Haikupita muda, Mjomba Saidi, kaka yake Mama, alikuja kunichukua kunipeleka kwao Rondo. Hakunipitisha nyumbani. Alinichukulia shuleni, nguo zangu ziko kwenye mfuko tayari, macho yake mekundu, akasema ni vumbi la njiani. Watu tuliokutana nao kituoni walinipa mkono mmoja mmoja wakisema, "Pole, mwanangu, pole sana." Nilidhani ni pole ya safari. Nikawajibu kwa adabu kama nilivyofundishwa, "Nishapoa." Mwanamke mmoja alipolisikia jibu hilo alijifunika uso kwa khanga. Nikajiuliza ana nini.

Kwetu mtoto haambiwi kifo. Anaambiwa mtu amesafiri, na wakubwa wote wanakubaliana juu ya uongo huo bila kukaa kikao. Mpaka leo sijui kama wanamhurumia mtoto au wanajihurumia wenyewe.

Rondo kulikuwa na ukungu asubuhi, mihogo ya kuchoma, na binamu zangu waliocheka Kiswahili changu cha pwani. Hakukuwa na ziwa. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko baridi, kwa kuwa sikuwa na njia ya kujua habari za Mama. Kila aliyepanda kutoka pwani na tenga la samaki wakavu nilimkimbilia. "Shikamoo. Ziwa letu sasa lina rangi gani?" Wengine walicheka. Mzee mmoja alinijibu kwamba ziwa lina rangi ya ziwa. Mwishowe nilimfuata Mjomba shambani.

"Mjomba, wewe ulipokuja kunichukua uliliona ziwa. Likigeuka kijani wataniambia?"

"Kijani cha nini, Somoe?"

"Likiwa kijani Mama atakuwa amerudi."

Mjomba hakuniuliza zaidi. Aliinamia jembe lake, akalima mahali ambapo alikuwa ameshalima. "Bado," akasema bila kuinua uso. "Bado liko vile vile." Nikamshukuru, nikarudi kucheza.

Mvua kubwa zilipoanza Baba alituma ujumbe nirudishwe. Tulifika nyumbani tumelowa matope, na Bibi alinikumbatia akaniweka kifuani muda mrefu hadi nikaanza kujinasua. Ndani mlikuwa mmefagiliwa sana. Sanduku la Mama lilikuwa pale pale, lakini nilipoliinua lilikuwa jepesi. Nikauliza Mama yuko wapi. Bibi akasema, "Bado yuko safarini, mke mwenzangu," utani wake wa siku zote, lakini safari hii hakuupa sauti ya utani. Nilitoka nje kulitazama ziwa. Kijito kilikuwa kimefumuka, maji yalikuwa ya udongo, rangi ya chai ya maziwa. Halikuwa kijani. Basi Bibi alikuwa anasema kweli. Maskini wakubwa wale, hawakujua kwamba ziwa ndilo lililokuwa likiwasaidia kunidanganya.

Kisha mvua zikapumzika, jua likatoka, kama ilivyo kila mwaka. Asubuhi moja nilikuwa nateremka kwenda shule. Kwenye kona ya mnazi uliokatika ziwa likafunuka lote, nalo lilikuwa kijani.

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka nikiwa mlangoni napiga kelele, "Baba! Mama amerudi! Ameshatia rangi!" Masika hakuna chumvi, hivyo Baba alikuwa nyumbani, anakunywa uji. Aliinuka ghafla, bakuli likamwagika, akanipita akaenda mpaka nje, akatazama njia ya kutoka barabarani. Kwa kitambo kile kidogo mtu mzima yule, aliyemshusha mke wake kaburini kwa mikono yake, aliniamini. Halafu mabega yake yakashuka. Bibi akaniuliza taratibu, "Rangi gani, Somoe?"

Ikabidi niivunje siri. "Ya ziwa. Limekuwa kijani. Mama ndiye anayelitia, alinambia mwenyewe. Na alisema akirudi tutatia kijani."

Bibi alifungua kinywa. Baba, bado amegeukia njia, akasema, "Mama, tafadhali. Usiseme leo." Bibi akafunga kinywa chake, akaanza kufuta uji uliomwagika, akaufuta na mahali ambapo haukumwagikia.

Hawakunikataza, na mimi nilichukua ukimya wao kuwa ni ndiyo. Kama Mama hayuko nyumbani, basi yuko kule chini, ameanza kazi bila mimi. Nilipanda kwenye kinu, nikalitungua furushi la chane juu ya jiko, nikateremka nalo ziwani. Hapakuwa na mtu ila wanawake wawili mbali wakitanda uduvi. Nikasema haidhuru, atanikuta nimeanza. Nilizifungua chane nikazitumbukiza kwenye maji ya kijani, nikazigandamiza kwa mawe zisielee, nikakaa kuzilinda. Shule niliisahau. Jua lilipanda, likapinda, nikawa naangalia kila mtu anayepita upande wa barabara.

Alasiri nilizitoa. Jamani, zilikuwa kijani. Zilikuwa kijani kabisa, zinateleza mkononi, zinanukia tope. Nilikimbia nazo mpaka nyumbani, maji yakinidondokea miguuni. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta mchele. Alinyoosha mkono kuzipokea, nami nikamwambia, "Ngoja kwanza." Nilitaka afanyiwe kama mnunuzi. Nilichota maji safi mtungini, nikalowesha mkono wa blauzi yangu nyeupe ya shule, nikasugua chane moja, kwa kujiamini, kama Mama alivyokuwa akijiamini mbele ya wateja wake.

Blauzi ikawa kijani. Chane ikawa nyeupe.

Nikachukua nyingine. Nikachukua nyingine tena, nikasugua kwa nguvu, kisha kwa upole, nikidhani labda kosa liko mkononi mwangu. Ule ute wa kijani ulitoka wote, na chane zikabaki vile vile alivyoziacha Mama siku ile barazani.

"Hii si rangi ya Mama," nikasema. "Rangi ya Mama haitoki."

Bibi aliuweka ungo chini.

"Bibi, Mama harudi?"

Alikaa chini kwenye tope na khanga yake safi. "Harudi, mwanangu."

"Amekufa?"

"Amekufa. Tulimzika ulipokuwa Rondo."

Ndani ya nyumba mtu alianza kulia kwa sauti nzito, na kwanza nilidhani tuna mgeni, kwa maana sikuwahi kuisikia sauti hiyo. Mimi sikulia siku ile. Nilikuwa na hasira. Sikumkasirikia Baba, wala Bibi, wala Mjomba. Nililikasirikia ziwa. Lilikuwa limegeuka kijani peke yake, bila Mama, na maji yalikuwa yanang'aa pale chini kana kwamba hakuna lililotokea.

Ramadhani ilipobakiza siku chache, Bibi aliinjika debe. Kwenye lile sanduku jepesi, wanawake walipogawana nguo, walikuwa wameacha kikaratasi kimoja cha rangi ya kijani ambacho Mama alikuwa amekinunua mapema. Bibi alizichemsha zile chane zilizokuwa zimeogea ziwani, akatia konzi ya chumvi ya Baba, akasuka ukili, akashona msala mdogo wa kimo changu. "Mkono wangu si mkono wa mama yako," aliniambia, "lakini rangi ni yake." Alipomaliza, kwa mazoea tu, alilowesha kitambaa cheupe akaukaribia msala kuusugua. Nilimnyang'anya kile kitambaa. Tulitazamana, akanielewa, akaukunja msala ule mkavu akanipa.

Miaka mingi baadaye, sekondari, mwalimu wa bayolojia alituwekea tone la maji ya bwawa chini ya hadubini. Nikainamisha jicho nikaona vijimea vidogo vya kijani, vingine kama shanga, vingine kama mashua za watoto, vinaishi bila mizizi wala udongo. Alitueleza kwamba kwenye maji yanayochanganyika ya mto na bahari, kila majira yana vimea vyake. Mvua ikileta maji matamu na mbolea ya bara, vinazaliana vya namna moja. Chumvi ikikaza, hivyo vinapungua na vingine vinashika zamu, ambavyo rangi yake ni ya kahawia au nyekundu. Kama wapangaji wa nyumba moja, alisema, kila mmoja anakuja na mapazia yake. Darasa likacheka. Mimi machozi yalikuwa yamejaa kwenye ile lenzi, na mwalimu wa watu akadhani mwanga umeniumiza jicho. Nilimchukia siku hiyo, masikini, na hakuwa na kosa. Alikuwa ananiambia kwamba vile vijimea vilikuwepo kabla Mama hajaolewa pwani, na vitaendelea kubadilishana zamu hata sisi sote tutakaposahauliwa. Ziwa halikuwahi kumhitaji. Nilikuwa nalijua hilo tangu ile blauzi, lakini kulijua kwenye daftari la shule ni kumzika mara ya pili.

Siku ile ya dirisha, jioni, jirani yangu alimwaga rangi yake iliyobaki kwenye mtaro wa mtaani, na nikaiona kupitia mlango wa uani, kijani, inakimbilia inakojua yenyewe. Magharibi ikaadhiniwa. Nikatawadha, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kufuta miguu. Wanangu hunicheka kwa hili. Nafuta kidole kimoja kimoja, na katikati ya vidole, mpaka unyayo uwe mkavu kabisa, ndipo nakanyaga msala wangu. Umekuwa mdogo kwangu siku nyingi. Magoti yanabaki ndani, miguu inatoka nje. Kijani chake kimepauka, lakini ni kijani.

Binti yangu alikuwa ameshasimama kwenye wake, ananingoja. "Mama, sala inapita. Halafu huo msala siku moja si uusuuze tu? Umejaa vumbi."

"Siusuuzi."

"Kwa nini?"

"Ni wa bibi yako, mama yangu. Rangi yake haitoki."

"Sasa kama haitoki, unaogopa nini?"

Nilimalizia kidole cha mwisho, nikaupapasa unyayo kwa kiganja kuhakikisha, nikakanyaga.